Kabla ya Kumtoboa Mbuzi Sikio, Tuonyesheni Mchoro

Adeer wangu hajawahi kukaa darasani, lakini akikutana na kijana asiyemfahamu penye lambo la maji hapa Sangailu, swali lake la kwanza si jina. Humwambia ahesabu abtirsi, yaani msururu wa baba zake. Kijana huanza na baba, akapanda kwa babu, akaendelea juu, na mahali fulani baina ya jina la nane na la kumi na mbili adeer humkatiza: "Basi, hapo tumekutana." Kutoka hapo anajua analotaka kujua: ng'ombe wa nani watangulie kunywa, na kukitokea fujo nani atakaa upande wa nani.

Adeer ni ndugu wa baba. Kwetu neno hilo huenda na kurudi: mimi namwita adeer, naye ananiita adeer.

Mimi ni mwalimu wa hesabu Masalani, na Sangailu ndiko nilikozaliwa. Ilinichukua miaka kugundua kwamba ustadi huo wa adeer, wa kujua nani yumo ndani ya nani na matawi yanakutana wapi, ndio ustadi ambao wanatakwimu wameuandikia programu za kompyuta. Programu hizo huchora muundo wa jaribio: mnyama yuko ndani ya kundi gani, kundi liko kwenye maji gani, na dawa iliingia kwenye ngazi ipi. Ninazitaja leo gazetini kwa sababu nina dai. Yeyote anayekuja Garissa kujaribu dawa, chanjo, mbegu ya nyasi au msaada wa fedha juu yetu, auweke mchoro huo mbele ya baraza kabla hajamgusa mnyama wa kwanza. Ripoti ya kurasa themanini abaki nayo. Sisi tunataka ukurasa mmoja.

Nieleze nilivyofika hapo.

Mwaka 2012 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na ukame wa 2011 ulikuwa umetuachia mifupa. Shirika moja likaja na jaribio la dawa ya minyoo ya mbuzi. Mimi nikachukuliwa kuwa enumereta, neno kubwa la kijana mwenye kalamu na daftari. Kazi yangu ilikuwa kumtia mbuzi kwenye gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu, kumtundika kwenye mizani ya kuning'inia chini ya mgunga, kusoma kilo kabla hajaanza kurusha mateke, na kuandika namba ya hereni yake ya sikioni. Mbuzi 240. Makundi kumi na mawili, kila kundi mbuzi ishirini. Malambo mawili, kila lambo likinywesha makundi sita. Mbuzi wote wa lambo la mashariki walipewa dawa. Wa lambo la magharibi hawakupewa chochote, ila nao walipimwa.

Nilifanya kazi hiyo miezi sita, na hadi leo naweza kukadiria uzito wa mbuzi kwa kumwinua mguu wa mbele. Dawa ilitolewa mwanzoni mwa Deyr, mvua zile za Oktoba hadi Disemba, na tukaendelea kupima ndani ya Jilaal, kiangazi kinachofuata. Matokeo yakaja yakiwa mazuri. Mbuzi wa mashariki walinenepa kuliko wa magharibi, na tofauti ilikuwa kubwa. Baraza likaitwa, chifu akakaa kiti cha mbele, wageni wakatundika karatasi yenye nguzo mbili za rangi, moja ndefu na moja fupi.

Adeer akanyoosha fimbo yake. "Mvua ya Deyr," akasema, "ilinyesha wapi zaidi?"

Kila mtu pale alijua jibu. Mvua yetu haina adabu: hulowesha upande mmoja wa barabara na kuuacha mwingine vumbi. Mwaka ule ilinyesha mashariki. Kiongozi wa jaribio, mtu mpole na msomi, akajibu kupitia mkalimani kwamba hilo si tatizo, kwa kuwa walipima mbuzi 240, idadi inayotosha kabisa.

"Mbuzi ni wengi," adeer akasema. "Malambo ni mangapi?"

Mkalimani alilitafsiri swali hilo, nina hakika, kwa sababu nilimsikia. Halafu wali ukaletwa.

Baada ya baraza lile watu waliuza mbuzi ili wanunue dawa. Huenda dawa ilikuwa nzuri sana. Huenda haikufanya lolote na ni mvua iliyonenepesha mbuzi. Jaribio la miezi sita, hereni 240 na petroli ya magari mawili halikuweza kututofautishia mambo hayo mawili, na kasoro hiyo ilikuwepo siku ya kwanza, kabla sijamtia mbuzi wa kwanza kwenye gunia. Hakuna aliyeiona kwa sababu hakuna aliyeichora.

Niliichora mimi, miaka baadaye, chuoni, katika somo la takwimu. Nilikuwa na daftari langu la 2012 sandukuni, na kompyuta ya kuazima yenye programu iitwayo R. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland miaka ya 1990. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti tena, jambo ambalo kwa mtu wa Sangailu si dogo. Ndani yake kuna vifurushi vilivyoandikwa na watu mbalimbali kwa kazi mbalimbali. Kimoja kinaitwa edibble, cha mwanatakwimu Emi Tanaka wa Australia. Unakitajia vitu vyako kwa maneno: nina malambo, ndani ya malambo nina makundi, ndani ya makundi nina mbuzi, na dawa inatolewa kwa kitu fulani. Kinakuchorea nukta na mishale. Kingine kinachora kile ambacho wanahisabati hukiita mchoro wa Hasse, kwa jina la Mjerumani Helmut Hasse. Rosemary Bailey, mwanatakwimu wa Uingereza, ndiye aliyenisadikisha kupitia kitabu chake cha 2008 kwamba mchoro huo unapaswa kuja kabla ya hesabu yoyote.

Sasa nivumilie, msomaji, maana hapa ndipo penye nyama.

Mchoro wa jaribio letu ulikuwa na nukta nne, moja chini ya nyingine, kama abtirsi. Juu kabisa nukta ya jaribio zima: 1. Chini yake malambo: 2. Chini yake makundi: 12. Chini kabisa mbuzi: 240. Mpaka hapo hata mtoto wa darasa la tano angechora. Lakini kando ya kila nukta programu huandika namba ya pili, nayo ndiyo siri. Inasema ngazi hiyo inakuletea ulinganisho mpya kiasi gani ambao ngazi za juu yake hazikuwa nao. Malambo mawili yanakupa ulinganisho mmoja tu, hili dhidi ya lile. Makundi sita ndani ya lambo moja yanakupa tano, na malambo ni mawili, basi kumi. Mbuzi ishirini ndani ya kundi wanakupa kumi na tisa, mara makundi kumi na mawili, 228. Jumlisha: 1, na 1, na 10, na 228. Zinatoka 240, hakuna mbuzi aliyepotea.

Kisha unaiingiza dawa. Kuna mbuzi waliopewa na wasiopewa, hivyo dawa nayo inahitaji ulinganisho mmoja. Programu inauliza: uliitoa kwa ngazi ipi? Kwa lambo. Basi dawa inapanda hadi ngazi ya malambo, inaukuta ulinganisho mmoja uliopo pale, inauchukua wote. Kinachobaki cha kupimia kama tofauti ya mashariki na magharibi ni dawa au ni tabia ya malambo yenyewe, programu ikakiandika kando ya nukta.

0.

Niliitazama sifuri ile kwa muda mrefu. Zile 228 zilizomfanya msomi wetu ajiamini hazikuwa na uhusiano wowote na dawa. Zilieleza mbuzi anavyotofautiana na mwenzake wa kundi moja, na wote wawili ama wamekunywa dawa ama hawakunywa. Ni sawa na kumwuliza mtu mmoja swali mara mia na kuandika kwamba umehoji watu mia. Stuart Hurlbert, mwanaikolojia wa Marekani, aliandika juu ya kosa hili mwaka 1984, akipekua tafiti za wenzake na kulikuta kila mahali. Kwa hiyo hatukuwa wajinga wa kwanza.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mchoro wa pili. Nilichukua mbuzi walewale, makundi yaleyale, malambo yaleyale, nikabadilisha jambo moja: ndani ya kila lambo, makundi matatu yapewe dawa na matatu yasipewe, kwa kura. Dawa ikashuka kutoka ngazi ya malambo hadi ngazi ya makundi. Makundi kumi na mawili yana ulinganisho kumi na mmoja. Mmoja wa malambo, mmoja wa dawa, zimebaki tisa za kupimia. Kutoka sifuri hadi tisa, bila kuongeza mbuzi, wala chupa ya dawa, wala siku ya posho yangu. Na mvua ingenyesha itakavyo, kwa kuwa kila lambo lingekuwa na wenye dawa na wasio na dawa wakinyeshewa pamoja.

Wataalamu wa minyoo watanyanyua mkono hapa, nao wana haki. Mayai ya minyoo hukaa malishoni. Ukiwatibu mbuzi wa makundi matatu, mbuzi wa makundi jirani wanaolisha nyasi zilezile nao watapata nafuu bila kunywa dawa, na dawa itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Hili si la kubuni. Mwaka 1998 Busia, magharibi mwa Kenya, Edward Miguel na Michael Kremer walianza kufuatilia mradi wa dawa za minyoo kwa wanafunzi. Watoto walikuwa zaidi ya 30,000, lakini dawa ilitolewa kwa shule nzima nzima, na shule zilikuwa 75, zikiwa mafungu matatu ya shule 25 yaliyoanza kwa zamu. Waliripoti kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walipungukiwa na minyoo, kwa kuwa wenzao hawakuieneza. Mwaka 2015 watafiti wa London walipoirudia hesabu hiyo walikuta makosa, hasa kwenye namna athari kwa shule za mbali kidogo ilivyokokotolewa, na mabishano yakavuka bahari. Ukiutazama muundo wa jaribio lile unaelewa mara moja kwa nini umbali wa shule kwa shule ulikuwa mtego: ni uhusiano uliokatiza matawi, wakati mchoro unajua kushuka tu.

Kwa hiyo sisemi mchoro unatibu kila kitu. Kwa minyoo pengine dawa ya jaribio letu ilikuwa kutafuta malambo kumi badala ya mawili, na mbuzi wachache kila lambo. Ninachosema ni kwamba mabishano haya yangefanyika siku ya kwanza chini ya mgunga, adeer akiwepo, badala ya kufanywa na mimi peke yangu chuoni miaka baadaye na daftari lenye harufu ya mbuzi.

Kenya hii hii ina mahali ambapo mambo yamechorwa hadi yakaonekana kutoka angani. Huko Mpala, Laikipia, tangu 1995 kuna jaribio la nyua ambalo kila mfugaji angepaswa kulijua. Ni viwanja 18, kila kimoja hekta nne, vimegawanywa katika vitalu vitatu: cha kaskazini, cha kati na cha kusini. Kila kitalu kina viwanja sita, na kila kiwanja kina sheria yake ya nani aingie. Kimoja hakiingii mnyama mkubwa yeyote. Kingine ng'ombe peke yao. Kingine pundamilia na swala bila ng'ombe. Kingine hao na ng'ombe pamoja. Na viwili vinaruhusu hata tembo na twiga, kimoja kikiwa na ng'ombe na kingine bila. Sita mara tatu, kumi na nane. Unaweza kuvihesabu kwa vidole vya mikono na miguu yako, ukabakiza viwili.

Kutoka nyua hizo mtafiti Mkenya, Wilfred Odadi, na wenzake walichapisha mwaka 2011 matokeo ambayo wazee wetu wangeyajadili usiku kucha: wakati wa kiangazi wanyamapori huwapunguzia ng'ombe uzito kwa kugombania malisho, lakini wakati wa mvua ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyamapori hunenepa zaidi kuliko wanaolisha peke yao. Huku kwetu, ambako hirola amebaki mnyama wa kuhesabika na hifadhi ya Ishaqbini iko papa hapa Ijara, hilo si suala la vitabuni. Na tazama jinsi muundo ulivyo mnyoofu: huhitaji shahada ili uone kwamba kila sheria imejaribiwa mahali patatu, na kwamba kitalu cha kusini kikipata mvua zaidi, viwanja vyake vyote sita vimeipata pamoja. Ndilo swali la fimbo ya adeer, limejibiwa kwa waya na nguzo kabla halijaulizwa. Na idadi inabaki kuwa ya kweli. Hata mtu akipima maelfu ya mashina ya nyasi mle ndani, viwanja ni kumi na vinane.

Kwa jirani zetu Wajir na Mandera, mpango wa fedha za kupambana na njaa ulipoanza miaka ya 2008 na 2009, tathmini yake ilipangwa kwa lokesheni ndogo: zikachaguliwa 48 katika maeneo manne ya kaskazini, nusu zikaanza kupokea, nusu zikangoja miaka miwili. Nina jamaa aliyekuwa upande wa kungoja. Mpaka leo anaamini ni chifu aliyemwonea.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo: tunapimwa bila kuonyeshwa muundo. Sisi watu wa kaskazini mashariki tumetobolewa na kupimwa kupita kiasi. Mwishoni mwa 2006, baada ya mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka Garissa na Ijara na kuua zaidi ya watu 150 nchini, soko la mifugo la Garissa likafungwa na damu ikachukuliwa kwa watu, kwa ng'ombe, kwa kondoo. Ilikuwa lazima; sisemi vingine. Lakini damu yetu imesafiri kuliko sisi wenyewe, na tangu operesheni ya usalama iitwayo Linda Boni ianze mwaka 2015 katika msitu ulio jirani, wageni wanaofika huku huja kwa msafara na hutazama saa. Mtu mwenye haraka husema atawapima mbuzi wengi. Ni rahisi kupima mbuzi wengi kwenye lambo moja lililo karibu na barabara. Kazi ni kufika kwenye malambo kumi.

Mtafiti anayekuja ana leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, ana barua ya kamishna, ana fomu ya ridhaa ambayo mzee anaweka alama ya kidole gumba bila kujua anaridhia nini. Katika makaratasi hayo yote, sijaona hata mara moja ukurasa unaoonyesha nani yumo ndani ya nini na tiba inaingilia wapi. Fomu inamwambia mzee kwamba yuko huru kujitoa. Haimwambii kwamba mbuzi wake ishirini ni sehemu tu ya ulinganisho mmoja.

Nimeambiwa na mwenzangu mmoja wa chuo kwamba wafugaji hawataelewa. Hili sitalijibu kwa upole. Watu wanaoweza kukutajia babu kumi na wawili na mahali kila tawi lilipoachana, wanaomtambua ngamia wa mtu kwa chapa na mbuzi kwa mkato wa sikio akiwa kati ya mia tatu, hao ndio hawataelewa nukta nne na mistari mitatu? Aliyeshindwa kuuelewa muundo wa jaribio lile la 2012 alikuwa na shahada ya uzamili.

Wengine wanasema mchoro utafichua siri ya nani anapewa dawa halisi na nani hapewi, na jaribio liharibike. Muundo hauna majina. Unaweza kuonyesha kwamba ndani ya kila lambo makundi matatu yatapata na matatu hayatapata, na kura ikapigwa baadaye. Tena ingekuwa heri kura ipigwe palepale barazani, vijiti ndani ya kofia, chifu akiangalia. Yule jamaa yangu wa Wajir asingekuwa na wa kumlaumu ila kijiti.

Wala gharama si kisingizio. R ni bure. Kwa anayeogopa kuandika amri kuna R-Instat, yenye menyu za kubofya, iliyoanzishwa na wanatakwimu waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Maseno baada ya kuchangisha fedha mtandaoni mwaka 2015, makusudi kwa ajili ya Waafrika wanaojifunza takwimu. Zamani zaidi kulikuwa na Genstat, iliyotoka kituo cha kilimo cha Rothamsted kule Uingereza, ambako Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919 na kufundisha dunia kupiga kura mashambani. Toleo lake moja lilitolewa bure kwa watafiti wa nchi zetu. Naye Fisher hakuwa na kompyuta. Alikuwa na penseli.

Na sisi wenyewe si malaika. Niliyeishi huku najua. Mzee akisikia dawa ya bure inakuja, hutaka ianzie lambo la ukoo wake, na akiukosa mpango huo huanza kuuvuruga. Wapo wanaohamisha mbuzi usiku kutoka upande usiopewa kwenda upande unaopewa. Wapo wanaoligawa kundi moja kuwa mawili karatasini ili wapate mgao mara mbili. Programu haiyajui haya. Huchora ulichoiambia, na ukiidanganya inakuchorea uongo mnyoofu wenye mishale. Ndiyo sababu sitaki mchoro ubaki Nairobi kwa watu wanaoujua msamiati lakini hawamjui mwenye mbuzi.

Likizo iliyopita nilikwenda Sangailu na kompyuta yangu, chaji imejaa kutoka sola ya dukani, na karatasi mbili nilizochapisha Masalani. Ya kwanza ilikuwa mchoro mfupi wa nukta nne. Ya pili ilikuwa mchoro ule ule umefunguliwa, kila kundi na nukta yake, kumi na mbili kwa jumla, na kando ya kila nukta nilikuwa nimechora kwa kalamu mkato wa sikio wa mwenye kundi, kama nilivyounakili daftarini nikiwa kijana.

Adeer alikuwa amekaa juu ya mkeka na chai yake. Mchoro mfupi aliumaliza upesi. Nilipomweleza ile sifuri aliuliza, "Huyu hakuacha mtoto?" Nikamwambia ndiyo, tawi hilo limeishia hapo. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za msiba wa zamani.

Mchoro mrefu aliushika muda. Alipitisha kidole kwenye nukta za mashariki, akitaja mwenye kila kundi kwa mkato tu, wengine wamekwisha kufariki, akawaombea rehema. Kisha kidole kikasimama kwenye nukta ya tatu, kikaruka hadi ya sita, kikarudi ya tatu. Nilikuwa nimezichora mbalimbali, moja kona ya kushoto na nyingine kona ya kulia.

"Adeer," akaniambia, "hawa wawili walilala zizi moja."

Nilijua. Mwenye mkato ule alikuwa abti yangu, ndugu wa mama, na ni mimi niliyeandika kundi lake mara mbili mwaka 2012, mbuzi ishirini hapa na ishirini pale, kwa sababu aliniomba na mama alikuwa amesimama karibu. Sikuwahi kumwambia mtu, wala chuoni nilipokuwa nikimcheka yule msomi kimoyomoyo.

Nikafungua kompyuta. Nikafuta 12, nikaandika 11. Ile 10 ikawa 9, ile 228 ikawa 229, jumla ikabaki 240. Adeer akaniuliza imesemaje. Nikamgeuzia kioo.